Kabati na Dashibodi: Mkazo Unavyoumba Neno
(Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliona kwamba silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na mkazo hutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Leo tuziangalie nomino ambatano za Kiingereza zilizohamia kwetu.

Pita Junda, kule Kisauni. Kwa seremala agiza kabati. Kwa fundi wa magari ulizia dashibodi. Maneno yote mawili yana "board" ndani yake, yaani ubao. Mbona basi moja likaishia -bati na jingine -bodi?

Chanzo ni mkazo. Kiingereza kwa kawaida hukaza kipande cha kwanza cha nomino ambatano. "Greenhouse", kile kibanda cha kukuzia mimea, hukazwa mwanzoni. Ukisema "green house", nyumba yoyote ya kijani, uzito unahamia "house". Kipande kisichokazwa huchakaa kadiri miaka inavyokwenda. "Cupboard" imetumika tangu karne ya 14, enzi hizo ikiwa ni ubao wa kupangia vikombe na vyombo. Katika matamshi ya leo p yake imemezwa, na irabu ya "board" imefifia, haijulikani ni o wala a. "Dashboard" ni ya juzi tu, karne ya 19: ubao wa mbele wa gari la farasi, wa kukinga matope. Hiyo "board" yake bado nzima.

Waswahili walifuata sikio. Lau kabati lingeingia kwa maandishi, leo tungenunua "kapibodi"! Kisha, d ya mwisho ilipogeuka t na irabu kuongezwa, mkazo ukahama: ka-BA-ti. Yaani silabi ile ile ambayo Mwingereza ameidhoofisha hadi karibu ife, sisi ndiyo tunayoikaza. Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapokwama akirudi kwenye Kiingereza, akatamka "cupboard" kwa kukaza nyuma, tena na p yake.

Madigadi nalo, la "mudguard", lina silabi nne ilhali asili yake ina mbili, kwa kuwa kila konsonanti ya mwisho imetafutiwa irabu. Golikipa limefuata njia hiyo hiyo, ila kiungo chake bado kinaonekana: mashabiki hulikata wakabaki na "kipa". Kabati halikatiki.

Juma lijalo tutarudi nyumbani: kwa nini mwanamaji huwa wanamaji, lakini mwanamke akawa wanawake, vipande vyote viwili vikibadilika.