Mtoto Akishikwa na Degedege

Ninyi mama na baba, someni habari hii leo, maana siku ya taabu hamtapata nafasi ya kufungua kitabu.

Mtoto ana homa tangu asubuhi. Jioni mwili wake ni moto kama jiwe la jikoni. Mara macho yanageuka juu, meno yanakazana, mikono na miguu inatupwatupwa, povu linatoka kinywani. Unamwita kwa jina, haitiki. Majirani wanalia: "Amekufa!" Hakufa. Ameshikwa na degedege.

DEGEDEGE NI NINI?

Ubongo wa mtoto mdogo haujakomaa. Homa ikipanda, ubongo waweza kusumbuka ghafula, na mwili wote ukatetemeka. Degedege ya homa huwapata hasa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Haikuletwa na ndege aliyepita juu ya nyumba, wala jirani hakuroga. Tena haiambukizi, povu la mtoto halitakupa degedege. Mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5.

Lakini homa ina chanzo. Huku kwetu, Baraka kando ya ziwa na hata Fizi mlimani, mara nyingi chanzo ni malaria, inayoletwa na mbu wa usiku. Basi shika neno hili moja: degedege hupita, lakini ugonjwa ulioileta hubaki, nao waweza kuua.

FANYA HIVI

1. Mwondoe karibu na moto, maji na mawe. Mlaze chini juu ya mkeka.
2. Mgeuze alale kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje, yasiingie mapafuni.
3. Legeza nguo zake, ondoa blanketi.
4. Tazama saa, ujue degedege imeanza lini.
5. Kaa naye. Watu wengine watoke, hewa ipite.

USIFANYE HIVI

Usitie kijiko, kijiti wala kidole kinywani mwake. Hawezi kumeza ulimi wake, bali wewe waweza kumvunja meno. Usimkandamize. Usimpe maji, uji wala dawa kwa kinywa mpaka aamke kabisa. Usimtumbukize katika maji baridi. Usimfukize moshi, usimchanje, usimpake mkojo.

NJIA MBILI

Fikiri nyumba mbili za mtaa mmoja. Jioni moja mtoto wa kila nyumba ameshikwa na degedege, na chanzo ni malaria. Nyumba ya kwanza wanakwenda kwa mfumu. Kesho yake wanamlaza mtoto katika chumba cha maombi. Siku ya tatu wanafika hospitali, naye haamki tena, na damu yake imepungua sana. Nyumba ya pili wamepanda pikipiki usiku uleule. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Njia ndizo zilizokuwa mbili.

Utauliza: "Je, tusiombe?" Ombeni sana, lakini ombeni mkiwa njiani.

Njiani usimfunge mtoto mgongoni. Mshike mikononi, kichwa kikiwa upande, upate kuona uso wake na pumzi yake. Akiamka na kuweza kunyonya, mnyonyeshe, maana sukari ya damu hupungua upesi kwa mtoto mgonjwa.

Kila mtoto aliyeshikwa na degedege apelekwe kwa muganga siku ileile, hata kama sasa anacheza. Lakini usingoje hata kidogo, ijapokuwa ni usiku, kama:

— degedege imepita dakika 5, au imerudi tena;
— nusu saa imepita baada ya degedege, naye haamki;
— shingo imekauka, au anapumua kwa shida;
— hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu;
— hajafikisha miezi 6.

Hospitalini watamchoma kidole kidogo wapime malaria, tena watapima sukari. Degedege ikiendelea, watampa diazepamu kwa njia ya haja kubwa au kwa sindano. Malaria ikiwa kali, watamchoma artesunati. Watatazama pia kama ni homa ya uti wa mgongo, ambayo dawa yake ni nyingine.

Kama hospitali ni mbali, kituo cha afya chaweza kumtia artesunati kwa njia ya haja kubwa, kisha wakuambie, "Nenda hospitali." Usiseme, "Amepata dawa, turudi nyumbani." Dawa ile ni ya kumshikilia njiani tu; haimalizi malaria.

KABLA YA SIKU ILE

Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Akipata homa, apimwe siku ya kwanza. Parasetamoli humpunguzia maumivu na joto, lakini haiui malaria, wala haizuii degedege.

Usiogope kupita kiasi. Watoto wengi walioshikwa na degedege ya homa hukua vizuri, husoma na kucheza kama wenzao. Wasomee habari hii bibi na wakubwa wa mtoto, maana siku ile pengine wewe utakuwa shambani, na wao ndio watakaokuwa nyumbani.