Mafuriko Yamepita, Daftari Libaki: Jinsi Riyali 50 Yako Inavyoweza Kuvuta Ruzuku Kijijini

Ijumaa moja hapa Najma, karibu na Souq Haraj, kaka mmoja anayefunga vyuma kwenye majengo alitufungulia simu yake. Picha ya kwanza ni nyumba ya mama yake imejaa matope. Ya pili, nyumba ile ile imesafishwa, ina magodoro mapya. Ya tatu, matope tena. "Nimetuma mara tatu," akatuambia, "na maji bado yanaingia."

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Hakuna aliyekula pesa yake. Ilinunua unga, magodoro na sare za shule, kama alivyoagiza. Shida ni kwamba mtaro wa juu ya kijiji bado umeziba, na mtaro si wa mama peke yake. Ni wa kijiji kizima. Pesa ya nyumba moja haiwezi kuuzibua.

Leo basi tuongee kuhusu pesa ya kuzibua mtaro. Pesa hiyo ipo, inaitwa ruzuku, na haitolewi kwa mtu mmoja mmoja.

Kwanza tuelewane: ruzuku ni nini?

Ruzuku ni pesa ya kufanyia kazi fulani, ambayo hairudishwi ikitumika kama mlivyokubaliana. Msiichanganye na mkopo. Kwa mfano, Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo, na lazima urudi.

Ruzuku za kujikwamua baada ya maafa na za kulinda mazingira zinapatikana sehemu mbalimbali. Tutataja mbili tunazozijua vizuri.

Ya kwanza ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, inayosimamiwa na UNDP tangu 1992. Ipo Kenya, Tanzania na Uganda. Inatoa kwa vikundi vya kijamii na mashirika ya wananchi. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, ingawa vikundi vingi hupata chini ya hapo.

Ya pili ni kwa Wakenya. Tangu 2021 kuna programu ya serikali inayoitwa FLLoCA, inayoungwa mkono na Benki ya Dunia. Pesa inapita kaunti, na kila wadi ina kamati ya kupanga mambo ya tabianchi. Wananchi ndio wanasema wanataka nini: bwawa, mtaro au miti. Makueni ilitangulia, ikaweka kanuni za mfuko wake mwaka 2015. Sasa jiulize: nyumbani kwenu nani yuko kwenye kamati ya wadi? Kama hujui, Ijumaa hii piga simu uulize.

Kwa nini mtaro ni jambo la haki?

Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, maji yalijikusanya nyuma ya njia iliyoziba chini ya reli, kisha yakapasua. Makumi ya watu walikufa wakiwa wamelala. Mwaka mmoja kabla haujaisha, tarehe 3 Desemba 2023, matope ya mlima Hanang yalikuwa yamefunika Katesh, Tanzania. Maskini ndiye hujenga pale ardhi inapopatikana kwa bei rahisi, na mara nyingi ndipo maji yanapopita. Kudai njia ya maji isafishwe kabla ya mvua ni kudai haki.

Na haki inataka kumbukumbu. Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alianza baada ya vipimo kuonyesha risasi kwenye damu ya mwanawe. Wakazi wakakusanya vipimo, barua na majina. Julai 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda, uamuzi ukafutwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Miaka yote hiyo walikuwa na karatasi zao za kushika.

Riyali 50 yako inaingia wapi?

Watoa ruzuku wengi huuliza: ninyi wenyewe mmeweka nini? Hapa vikundi vingi hujibu "sisi ni maskini, hatuna kitu," na wanajikosesha. Jasho ni mchango. Mawe ni mchango. Uji wa wafanyakazi ni mchango. Sharti viandikwe.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kikundi kina watu 24 kijijini na 6 walioko Ghuba. Riyali moja tuihesabu shilingi 35 za Kenya.

- Kazi ya mikono: watu 24 × siku 20 × shilingi 500 = 240,000
- Mawe: safari 10 za lori × shilingi 6,000 = 60,000
- Wa Ghuba: watu 6 × riyali 50 × miezi 10 = riyali 3,000, yaani shilingi 105,000
- Jumla: shilingi 405,000

Mnaona? Kikundi "kisicho na kitu" kina mchango wa shilingi laki nne na ushee. Lakini bila daftari la mahudhurio, stakabadhi za lori na taarifa ya benki, yote hayo ni maneno tu.

Fanyeni hivi kwa mpangilio

1. Sajilini kikundi. Kenya, sheria ya 2022 inataka angalau watu 10, katiba na muhtasari wa kikao, kisha mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Tanzania, anzeni na afisa maendeleo ya jamii wa kata.

2. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu. Pesa isilale kwenye M-Pesa ya mwenyekiti.

3. Wekeni daftari tatu: la pesa, la mahudhurio ya kazi, na la vikao. Pigeni picha kila ukurasa kila mwezi, mtume kwenye grupu.

4. Pigeni picha za uharibifu zenye tarehe, na orodha ya nyumba zilizoathirika.

5. Ndipo muende wadi au kwa mtoa ruzuku.

Wewe uliye Doha, jilinde

Msizunguke kampu au kwenye WhatsApp mkichangisha. Qatar, kukusanya michango ya hisani kunahitaji kibali cha mamlaka inayosimamia shughuli za hisani. Ukikutwa unashika pesa za wenzako kwa nia njema, nia njema haitakutetea. Kila mwanachama atume ada yake mwenyewe, kwa jina lake, moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi, na atunze risiti ya eksichenji.

Pili, mtu akikuambia ruzuku yenu imepita, tuma kwanza "ada ya kushughulikia", kata simu. Anayetoa ruzuku haombi pesa kwanza.

Tatu, usikope. Kima cha chini hapa ni riyali 1,000, na 50 ni asilimia tano. Kama akiba yako ya dharura haijafika mshahara wa mwezi mmoja, toa 20. Kama huna kabisa, dada yangu wa kazi za ndani, saidia kuandika barua au kuweka daftari kwa simu. Hiyo nayo ni kazi.

Yule kaka wa Najma bado anamtumia mama yake ya unga, na ni sawa kabisa. Ila sasa riyali 50 inakwenda kwenye akaunti ya kikundi, na kila mwisho wa mwezi anadai picha ya daftari. Ruzuku hawajapata bado. Mwezi uliopita walikaa na kamati ya wadi kwa mara ya kwanza, wakaulizwa wana nini mkononi. Wakafungua daftari.