Dumu likinuka, tatizo si maji

Wafanyabiashara wengi wanaotoka soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, kuelekea Malaba, Busia au Mutukula hubeba maji ya safari kwa dumu au pipa. Baada ya siku chache juani, maji hunuka kama yai viza. Humwagwa, hujazwa mengine, na kesho yake harufu imerudi.

Chanzo hakiko bombani. Maji ya Kampala huvutwa kutoka Ziwa Victoria, husafishwa na kutiwa klorini. Yakikaa kwenye chombo, klorini hupungua, na vijidudu huzaliana ndani ya utando wa utelezi ulioganda pembeni. Baadhi yake ndivyo vinavyotoa gesi yenye harufu hiyo. Kubadili maji bila kuondoa utando ni kazi bure.

Mwaga yote. Sugua kwa brashi na sabuni. Dumu lenye mdomo mwembamba litie changarawe na maji ya sabuni, ulitikise sana. Suuza, kisha lijaze maji pomoni na kutia Jik ya asilimia 3.5, vijiko vikubwa 2 kwa lita 20. Pipa likiwa na koki, ifungue mpaka inuke Jik, kisha ifunge. Acha usiku kucha, mwaga, suuza, kausha.

Usichanganye Jik na siki wala ndimu: hutoa gesi ya sumu. Dumu lililobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba lisitiwe maji ya kunywa kamwe.

Na kipindupindu hakina harufu. Maji ya kunywa yachemshwe hata yasiponuka.