Unadai Kuanzisha Podikasti ya Wataalamu Ukiwa Nax? Anza na Swali, Si Maiki

Nairobi siku hizi kila mbogi iko na maiki mbili, kochi na taa ya zambarau. Eli Mwenda na Oscar Koome wanabonga mambo ya wanaume kwa Mantalk.ke. Adelle Onyango naye alitoka redioni 2019 akaanzisha Legally Clueless, na watu wa kawaida wakapata mahali pa kusimulia maisha yao. Ni kazi fiti, hatuna neno. Lakini ukiwa unaishi Kaptembwo, Free Area ama Gilgil, unaskiza masaa mawili ya stori za mahusiano, halafu unatoka nje na bado hujui mbona ziwa limeingia kwa ploti ya jirani.

Hapo ndio kuna nafasi. Podikasti ya maongezi, kila wiki mgeni mmoja anayejua kitu chake vizuri: leo daktari, wiki ijayo msee wa mawe na volkano, halafu wakili wa mashamba. Na si lazima uhamie Nairobi ndio uifanye. Kwa ukweli, Nax inaweza kukufaa kuliko huko.

Cheki hii. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Picha zikazunguka dunia nzima. Vyombo vya ng'ambo vikaandika ati Afrika inagawanyika mara mbili, tena mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wakaja kujibu pole pole: ni kweli Bonde la Ufa linapanuka, lakini ni milimita chache tu kwa mwaka. Kulingana na wengi wao, kilichoonekana Suswa pengine ni maji ya mvua yaliyoosha majivu ya zamani ya volkano, yale yalikuwa yamejaza nyufa chini ya ardhi. Maelezo ni hayo tu, hata makanga anaweza kuyaelewa kabla mat ijae. Lakini picha ilikuwa ishatembea, na jibu halikuwahi kuifikia.

Ile ingine ni nzito zaidi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu yakabeba nyumba na watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limevunjika. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa: ni mfereji wa chini ya reli ulioziba kwa miti na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta hadi likapasuka. Unaweza kudhani tofauti ni ndogo ju waliokufa wamekufa. Lakini skiza. Kama ni bwawa, vile ilivyokuwa Solai Mei 2018, unauliza nani alilijenga na nani alifaa kulikagua. Kama ni tuta la reli, unauliza ni mifereji mingapi mingine imeziba juu ya vijiji vingine, na nani anaizibua. Bila mhandisi wa kukuelezea, mtaa mzima unauliza swali la makosa, na mwenye anafaa kujibu anakaa tu kimya.

Sasa hao wataalamu wako wapi? Wako hapa hapa. Nakuru imekuwa jiji tangu 1 Desemba 2021, lakini watu wenye akili walikuwa wametangulia kitambo. Egerton ilianza Njoro 1939 kama shule ya kilimo. Huko huko Njoro kuna kituo cha KALRO ambacho nchi nyingi hutuma ngano yao ipandwe, ijaribiwe kama itastahimili kutu ya shina, hasa ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwisho wa miaka ya 90. Yaani chapo inayoliwa Asia ina uhusiano na shamba unalopita ukienda Njoro, na hujawahi kuskia msee wa hapo akihojiwa mahali. Menengai kuna wahandisi wa GDC wanaochimba mvuke, Naivasha kuna wale wa Olkaria. Kwa mbuga kuna watu wa KWS. Kwa hospitali kubwa ya kaunti kuna manesi wameona mambo hata daktari hajaona.

Na usifungwe na digrii. Mvuvi aliyezeeka kwa Lake Naivasha ni mtaalamu. Fundi wa nduthi aliyefungua injini miaka ishirini pale Bondeni pia ni mtaalamu. Mimi ningemweka huyo fundi kabla ya watu wengine wenye suti, ju yeye hujibu swali moja kwa moja.

Kitu inaua podikasti za wataalamu ni swali pana. Ukimwalika profesa "aje atuambie kuhusu mabadiliko ya tabianchi", utapata mhadhara wa saa nzima na wasikilizaji watano, wawili wao ni binamu zako. Muulize hivi: "Daktari, mbona lile geti la zamani la mbuga ya Lake Nakuru lilimezwa na maji?" Hapo ameshikika. Atalazimika kuanza na mvua iliyozidi miaka hii, ndio ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa iliiweka mbele. Ataongeza misitu iliyokatwa huko juu na udongo unaoteremka, pengine na mambo ya miamba chini. Utamuuliza flamingo walienda wapi, akuambie maji mengi yamepunguza chumvi, mwani wanaokula ukapungua, wengi wakahamia Bogoria. Halafu unatoa la mwisho: mtu wa Mwariki aliyejengewa nyumba na mzee wake, sasa nyumba iko majini, afanye nini na hiyo tayitoli? Hilo atashindwa, na ni poa, ju hapo ushapata mgeni wa wiki ijayo: wakili.

Kabla ya kurekodi, pigia mgeni simu dakika kumi na tano. Mwambie wasikilizaji ni watu wa mtaa, na umwombe aeleze kazi yake vile angeelezea mathe wake huko ocha. Kubalianeni ishara: ukiinua kidole, ametumia neno gumu, arudie kwa lugha ya kawaida. Wasomi wengi hawakasiriki, wanashangaa tu hakuna mtu aliwahi kuwaambia. Kumbuka pia mtu wa serikali ama kaunti mara nyingi hawezi kubonga bila ruhusa ya ofisi, kwa hivyo andika barua mapema na uweke maswali yako ndani. Mtafiti wa chuo huwa rahisi kumpata.

Hapa sasa usicheze: hakikisha mtaalamu ni mtaalamu. Kenya hii mtu anaweza kuamka Jumatatu akiwa "daktari" ju ameanza kuuza dawa za chupa. Baraza la madaktari, KMPDC, liko na rejista unaweza kuangalia mtandaoni. Mawakili wako kwa LSK, wahandisi kwa EBK, wahasibu kwa ICPAK. Ukiletewa msee wa forex mwenye gari la kukodi, angalia kama kampuni anayoisifu iko kwa orodha ya CMA. Akikataa kukupa jina lake kamili, hiyo ni jibu. Ukimpea maiki mtu wa kuhadaa, msikilizaji akipoteza ganji atakumbuka sauti yako, si yake.

Vifaa? Simu yako inatosha kuanza, na maiki mbili ndogo za kubana kwa shati. Rekodi kwa chumba chenye kitanda, mablanketi na nguo, ju hizo humeza mwangwi. Sebule tupu yenye tailizi itakufanya uskike kama uko kwa choo. Na mvua ikigonga mabati, simamisha, hakuna programu itakuokoa. Kupandisha Spotify haina malipo, YouTube pia.

Sheria iko, hata kama hakuna mtu anakuambia. Mgeni akimtaja mtu ati ni mwizi na wewe uirushe, kesi ya kuharibia mtu jina inaweza kuwafikia nyote wawili. Daktari akianza stori ya mgonjwa, hakikisha mgonjwa hawezi kutambulika, ju habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na ngoma ya msanii usiiweke mwanzoni bila ruhusa. Kuna maprodyusa wengi Nax watakutengenezea biti yako mwenyewe.

Pesa ni polepole. YouTube inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka ndio uanze kugawana matangazo, na stori za ngano hazifiki hapo haraka kama stori za nani ameachana na nani. Njia fupi ni biashara za hapa: agroveti, sako, chuo cha kompyuta. Wakikulipa kwa maudhui, jua kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 tangu 2023. Na mdhamini asikuchagulie mgeni. Agroveti ikidhamini, usimlete muuzaji wake akuambie mbolea gani ni tamu.

Rekodi vipindi vinne kabla ya kutoa cha kwanza, ju mgeni wa tatu lazima akuangushe. Na panga kalenda kulingana na mtaa wako. Mvua ndefu huanza Machi. Huyo mhandisi wa mifereji na mabwawa mrekodi Januari, umtoe Februari, watu wa bondeni wakiwa bado na wakati wa kuangalia kile kiko juu yao.