Je, Wajua? Mtoto wa Mbinga na Lugha Zake Tatu

Kila Januari shule za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa huandikisha watoto wapya. Huandikwa jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mzazi au mlezi, kijiji. Safu ya leo inamfuata mtoto huyo kutoka nyumbani hadi kidato cha kwanza, na kuuliza swali moja: nani anajua amefikia wapi katika Kiingereza, na taarifa hiyo inaandikwa wapi?

NYUMBANI

Je, wajua kwamba Wilaya ya Nyasa ilikuwa sehemu ya Mbinga hadi ilipogawanywa mwaka 2012? Leo eneo hilo lina halmashauri tatu: Wilaya ya Mbinga, Mji wa Mbinga, na Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Kila halmashauri ina maafisa elimu wake. Takwimu za watoto wa milimani na za watoto wa ziwani hupita kwenye meza tofauti kabla ya kukutana Songea, makao ya Mkoa wa Ruvuma.

Je, wajua kwamba watoto wa eneo hili hawaji shuleni na lugha moja? Milimani, kuanzia Litembo hadi Maguu na Langiro, wengi hukua na Kimatengo. Ukiteremka ziwani utasikia Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, na Kingoni hakiko mbali. Mjini Mbinga na kwenye vituo vya biashara wapo pia watoto ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili.

Je, wajua kwamba Kimatengo kina irabu saba? Kiswahili kina tano, na kila moja ina herufi yake. Kiingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, zikigombania herufi zilezile tano. Mtoto anayesoma neno la Kiingereza herufi kwa herufi, kama alivyofunzwa kusoma Kiswahili, si mjinga. Anafuata kanuni sahihi ya lugha nyingine, na mwalimu anayelijua hilo humsahihisha kwa namna tofauti kabisa.

Je, wajua kwamba kamusi ya Kimatengo kwa Kijerumani ilichapishwa mwaka 1909? Aliyeitunga ni Johannes Häfliger, padri Mbenediktini. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2006, mwanaisimu wa Japani, Nobuko Yoneda, akatoa kitabu cha msamiati wa lugha hiyohiyo.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009? Inaonyesha lugha gani inazungumzwa wapi, wilaya kwa wilaya. Afisa elimu anayetaka kujua watoto wake wanatoka na lugha zipi ana mahali pa kuanzia.

Je, wajua kwamba sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila la mtu? Taifa lilichagua kutowapanga raia wake kwa makabila, na amani tuliyoipata ni urithi wa kulindwa. Lakini kuuliza mtoto anaelewa lugha ipi si sawa na kuuliza yeye ni wa kabila gani. La kwanza humsaidia mwalimu kufundisha. La pili halimhusu.

ZIWA MOJA, SHULE TATU

Je, wajua kwamba watoto wa ziwa hili moja husoma kwa lugha tatu tofauti kutegemea ufuko walikozaliwa? Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Ng'ambo, Malawi, sheria ya elimu ya mwaka 2013 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Kusini, kwenye mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, lugha kuu ya shule ni Kireno.

Je, wajua kwamba Kinyanja kinazungumzwa katika fuko zote tatu kwa lafudhi mbalimbali? Watoto wanaoweza kusalimiana na kucheza pamoja kwa lugha ya bibi zao wangeshindwa kusoma daftari la mwenzao.

Je, wajua kwamba Msumbiji ilianza mwaka 2003 kuingiza elimu ya lugha mbili katika shule zake? Mtoto huanza kusoma kwa lugha ya nyumbani huku akijifunza Kireno, kisha huhamia Kireno hatua kwa hatua. Ili kupanga madarasa hayo, ni lazima kwanza ijulikane watoto wa shule fulani wanazungumza nini.

DARASANI

Je, wajua kwamba tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali isipokuwa chache za mchepuo wa Kiingereza? Kwa mtoto wa Litembo anayezungumza Kimatengo nyumbani, Kiswahili ni lugha ya pili. Kiingereza kwake ni cha tatu.

Je, wajua kwamba somo la Kiingereza limepandishwa na kushushwa madarasa zaidi ya mara moja? Mtaala uliokuja mwaka 2015 ulilisogeza hadi Darasa la Tatu ili Darasa la Kwanza na la Pili yashughulikie KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelirudisha Darasa la Kwanza. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa wameanza Kiingereza katika umri tofauti kabisa.

Je, wajua kwamba katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili mtihani wa kumaliza Darasa la Saba hufanywa kwa lugha hiyo, isipokuwa karatasi ya Kiingereza? Baada ya miezi michache tu mtoto huyohuyo, akiingia kidato cha kwanza, hukutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Ndiyo maana shule za sekondari hutumia wiki za mwanzo za kidato cha kwanza kwa kozi ya kuwazoesha wanafunzi Kiingereza. Wiki hizo zinabeba mzigo wa miaka.

Je, wajua kwamba tatizo hili lilishapimwa zamani? Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia msingi hadi chuo. Waligundua kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine.

Je, wajua kwamba kabla yao, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kufikia mwaka 1985? Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikaufungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, na toleo la 2023 likaiacha sekondari kwenye Kiingereza.

Je, wajua maana ya hayo kwa mwalimu wa Nyasa? Wakubwa watabishana kuhusu lugha ya kufundishia, na mjadala huo ni wa haki. Mtoto aliyeko darasani leo hawezi kungoja uishe. Anahitaji mtu ajue leo hii anaelewa nini na haelewi nini.

KWENYE FOMU

Je, wajua kwamba kila mwaka shule zetu zote za msingi huhesabiwa? Mwalimu mkuu hujaza fomu za takwimu, maarufu kwa walimu kama TSM, zikionyesha hali ya shule ilivyo Machi 31. Fomu hupitia kwa Afisa Elimu Kata, hufika halmashauri, kisha mkoa, na hatimaye Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI).

Je, wajua kwamba takwimu za elimu zinazochapishwa kutokana na zoezi hilo hutaja umri, jinsia, ulemavu, utoro, madawati, matundu ya vyoo na uwiano wa vitabu? Jedwali la lugha ambayo mtoto huzungumza nyumbani halimo.

Je, wajua kwamba mtoto akiandikishwa hupewa namba ya PReM ya Baraza la Mitihani, nayo humfuata hata akihama shule? Mtoto wa Maguu anayehamia kwa mjomba wake Liuli hafutiki katika kumbukumbu. Namba hiyo ingeweza kabisa kumfuata pamoja na maelezo mafupi ya kiwango chake cha lugha.

Je, wajua kwamba Ruvuma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa Tusome Pamoja, ulioanza 2016 kuimarisha kusoma na kuandika katika madarasa ya mwanzo? Walimu wengi wa mkoa huu wanajua tayari kumkalisha mtoto mmoja mmoja, kumsikiliza akisoma na kuandika matokeo yake. Walijifunza kufanya hivyo kwa Kiswahili. Ujuzi huohuo unafaa kwa Kiingereza.

Je, wajua kwamba Uwezo, ambao ulikuwa mpango wa Twaweza, ulianza mwaka 2010 kuwapima watoto majumbani badala ya shuleni? Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali ya kiwango cha Darasa la Pili: Kiswahili, Kiingereza, hesabu. Katika lugha mtoto alianza na kipengele chepesi, kisha maneno, aya, na mwisho hadithi. Alipokwama ndipo kiwango chake kilipokuwa. Kipimo hicho kilichukua dakika chache tu kwa mtoto mmoja na hakikuhitaji mashine yoyote.

Je, wajua kwamba alama ya Kiingereza ya mwanafunzi hutolewa kitaifa Darasa la Nne, la Saba, kidato cha pili na cha nne? Alama hizo zinasema nani amefaulu na nani ameshindwa. Hazisemi kama aliyeshindwa hakusoma, hakufundishwa, au hakuielewa lugha ya swali.

NG'AMBO

Je, wajua kwamba Marekani ilifika kwenye utaratibu wake kupitia mahakamani? Huko San Francisco watoto 2,856 wenye asili ya China hawakujua Kiingereza, na karibu 1,800 kati yao hawakupewa msaada wowote wa lugha. Shule ilijitetea kwamba wote wana mwalimu yuleyule, kitabu kilekile na darasa lilelile. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa utetezi huo: kumpa mtoto kitabu asichokielewa si kumtendea sawa na mwenzake anayekielewa.

Je, wajua hatua zinazofuatwa huko sasa? Mzazi anapoandikisha mtoto hujibu maswali machache: mtoto alianza kuongea lugha gani, nyumbani mnaongea lugha gani, yeye mwenyewe anaitumia zaidi ipi. Ikitajwa lugha nyingine, mtoto hupimwa Kiingereza ndani ya siku 30. Hupimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila kimoja peke yake. Akibainika anahitaji msaada hupewa, hupimwa upya kila mwaka, na akishahitimu taarifa za maendeleo yake huendelea kutolewa kwa miaka 4.

Je, wajua kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazojazwa kwenye fomu hizo? Katika shule za Louisville, Kentucky, wapo watoto wengi wanaokizungumza, hasa wa familia za wakimbizi kutoka Kongo. Kwa hiyo mtoto anayezungumza Kiswahili huko huulizwa kuhusu lugha yake siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba taarifa hizi zinaweza kuwaumiza watu zikitumiwa vibaya? Mwaka 2016 Uingereza ilizitaka shule ziandike uraia na nchi aliyozaliwa mtoto, pamoja na kiwango chake cha Kiingereza. Wazazi na walimu walipinga vikali wakihofia kwamba taarifa za watoto zingetumika kuwasaka wahamiaji, na mwaka 2018 vipengele hivyo viliondolewa. Taarifa ya lugha ya mtoto ni ya kumfundishia tu.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Je, wajua tofauti kubwa iliyopo kati ya utaratibu wa Marekani na wetu? Huko mtoto hupimwa Kiingereza mlangoni anapoingia, ili shule ijue wajibu wake. Kwetu Kiingereza chake hupimwa zaidi mlangoni anapotoka, mwisho wa darasa au mwisho wa ngazi, na wajibu wote humwangukia yeye.

Je, wajua kwamba mwalimu wa darasa anaweza kuanza bila kusubiri waraka? Siku ya kuandikisha amuulize mzazi lugha ya nyumbani na aiandike. Mwezi wa kwanza amsikilize kila mtoto kwa dakika chache: anaelewa maagizo, anataja vitu, anasoma maneno, anasoma aya? Aandike alama nne pembeni ya jina. Muhula ukiisha arudie.

Je, wajua kwamba mtoto anayenyamaza darasani mara nyingi huhesabiwa kuwa mzito? Kumbukumbu ya namna hiyo humlinda. Humwonyesha mwalimu mpya kwamba mtoto huyu ni hodari wa hesabu na anahitaji tu maneno. Humkinga pia na adhabu ya kuongea lugha ya mama yake, kwa sababu shule tayari inajua ndiyo lugha anayofikiria nayo.

Je, wajua kwamba shule ya sekondari ya kata ingenufaika kuliko wote? Mkuu wa shule angewapokea kidato cha kwanza akiwa na orodha mkononi: hawa waanze moja kwa moja, hawa wapewe miezi mitatu ya ziada, hawa wakae na mwalimu wa Kiingereza kila jioni. Wiki za kozi ya kuwazoesha lugha zingetumika kwa anayezihitaji zaidi.

Kwa maafisa elimu wa Mbinga na Nyasa, ombi letu ni dogo na lina uzito. Katika uandikishaji wa Januari ijayo ongezeni mistari miwili: lugha ya nyumbani, na kiwango cha Kiingereza kila mwisho wa mwaka. Kisha mpeni mwalimu muda wa kuitumia. Mtoto ambaye shida yake imeandikwa ana mtu wa kumdai msaada, na mzazi wake ana haki ya kuuliza umefika wapi.