NYAMBIZI KUUKUU NA WALIOMO NDANI YAKE

Askari akizeeka hustaafu kwa heshima. Lakini chombo cha vita kikizeeka kabla mrithi wake hajaandaliwa, huwa hatari kwa wale wale wanaokitumikia.

Kanada yalijua hayo. Mwaka 1998 ilikubaliana na Uingereza kuchukua nyambizi nne, yaani manowari ziendazo chini ya maji, zilizokuwa zimewekwa kando gatini kwa miaka kadhaa. Oktoba 2004 mojawapo, Chicoutimi, ikiwa katika safari yake ya kwanza kuelekea Kanada, iliingiwa na maji ya bahari, nyaya za umeme zikashika moto. Afisa mmoja alifariki dunia, na manowari ikakokotwa hadi Scotland. Ilipokelewa rasmi kazini mwaka 2015.

Nyambizi hainunuliwi dukani kama baiskeli. Kuichora, kuiunda, kuijaribu na kuwafunza mabaharia wake huchukua miaka mingi. Ndiyo maana mpango huanza zile za zamani zingali zaelea. Julai 2024 Kanada ilitangaza nia ya kununua nyambizi mpya hadi 12, ziwezazo kupita chini ya barafu ya kaskazini. Agosti 2025 ikabakiza wajenzi wawili, wa Ujerumani na wa Korea Kusini. Ya kwanza ilipangwa kufika ifikapo 2035.

Mpaka hapo, zile kuukuu zitazidi kuzama na kuibuka. Mke wa baharia hajui habari za nyaya wala betri. Ajua tu kwamba mumewe yumo humo.