Wakili Yuko Kazini, Nani Yuko na Watoto?

Huku kando ya ziwa si ajabu kukuta kikundi cha akina mama kilichowahi kufanya harambee ili msichana wa kijiji akasomee sheria. Siku akiapishwa kuwa wakili tunapiga vigelegele. Baada ya miaka michache manung'uniko yanaanza: "Mtoto wetu amekuwa mtu wa Nairobi. Matanga haji, simu hashiki, na watoto wake hata Dholuo hawajui." Tunapotembelea vikundi tunayasikia haya sana. Kwa hiyo tumeona tueleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, kisha tuingie nyumbani kwake, maana hapo ndipo na sisi tunahusika.

Njia ya uwakili ni ndefu. Kuna miaka 4 ya chuo kikuu, halafu Kenya School of Law, pamoja na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Akipata nafasi katika kampuni kubwa ya mawakili anaanza kama mwajiriwa, na tumaini lake ni siku moja kufanywa mshirika, yaani mmoja wa wenye kampuni. Sasa angalieni: miaka anayopimwa kama anafaa kuwa mshirika ndiyo ile ile miaka ya kuzaa na kulea.

Asubuhi yuko kortini, mchana ana wateja, na maandishi yanangoja jioni. Karatasi za korti zina siku zake. Siku ikipita, mteja anaweza kupoteza shamba. Tena katika kampuni nyingi kubwa saa za kazi huhesabiwa na mteja hulipishwa kwa hizo saa, hivyo anayetoka saa kumi na moja jioni huonekana mvivu hata kama kazi yake ni safi. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la namna kazi ilivyopangwa, si la mama. Mbona mama wa omena pale Dunga, anayeondoka alfajiri na kuwaacha watoto wamelala, hatumwiti mwenye majivuno?

Kama vile omena ina miezi yake ya kufungwa, Aprili hadi Julai, High Court nayo ina likizo zake: wakati wa Pasaka, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na kuanzia tarehe 21 Desemba hadi 13 Januari. Mambo ya dharura bado husikizwa, na kazi ya ofisi haiishi, lakini mkitaka kumwona wakili wenu nyumbani, au kumwomba awafundishe juu ya urithi wa mashamba, pangeni siku hizo. Kumbukeni pia kwamba tangu 2020 kesi nyingi husikizwa kwa kompyuta. Wakili anaweza kukaa Kisumu akasimama mbele ya jaji aliye Nairobi. Hiyo ni baraka kwa familia, ila ina ubaya wake: kazi imeingia mpaka chumba cha kulala.

Je, sheria inasema nini? Zamani mama alipewa miezi 2 ya kujifungua na alipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 ilibadilisha hayo: miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, inabaki pale pale. Baba naye anapata wiki 2. Wangapi huzitumia kumshika mtoto? Wengine huzimalizia kilabuni wakipongezwa! Muuguzi wa zahanati hutuambia mtoto anyonye miezi 6 bila kupewa kitu kingine, na likizo ni miezi 3. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na ampe mama muda, usiozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, bila kuhesabu muda wa chakula. Lakini hizi ni haki za mwajiriwa. Aliyekwisha kuwa mshirika si mwajiriwa tena, ni mwenye mali. Yeye hutegemea mapatano aliyoandikiana na wenzake, kwa hiyo ayasome kabla ya kutia sahihi.

Tukifika hapo, swali linabaki: saa mbili usiku wakili yuko ofisini, nani anampikia mtoto uji? Mara nyingi ni msichana wa kazi, na mara nyingi ametoka huku kwetu. Huenda ni sisi tuliomtafuta baada ya kupigiwa simu: "Mama, nitafutie msichana mzuri." Na msichana huyo pengine ana mtoto wake mwenyewe, aliyeachwa na nyanya kijijini. Mtoto wa wakili analelewa na yaya, mtoto wa yaya analelewa na nyanya, na nyanya ni mwanachama wa kikundi chako, ambaye hakuja mkutanoni Jumanne kwa sababu mtoto alikuwa na homa.

Sheria ile ile ya 2007 inamlinda huyu msichana pia. Anastahili siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, likizo ya mwaka, na akijifungua, ile miezi 3 yenye mshahara. Kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kazi za nyumbani katika miji mikubwa, Kisumu ikiwemo, kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Mtoto wa chini ya miaka 13 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka aliye chini ya miaka 18 awe shuleni. Wakili anayajua haya yote kuliko sisi. Aliye jikoni kwake huenda hajaambiwa hata moja. Akidhulumiwa aende ofisi ya leba, au chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, au FIDA, ambao wana ofisi Kisumu.

Kwa mazungumzo ya kikundi mwezi huu: Katika kijiji chetu ni wasichana wangapi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani mjini, na ni nani aliyeuliza mshahara kabla hawajaondoka? Watoto wao wako kwa nani? Na simu nyingine ikija ya kutafuta msichana, tutamjibu nini binti yetu wakili?